Marehemu Aliuegemea Ukuta

Mlioketi, kaeni vizuri. Mliosimama, egemeeni chochote mnachokiona, mti, baiskeli, bega la jirani, ila ukuta wa serikali msiuegemee, maana huo ndio uliotuleta hapa. Nchi nitakayoisimulia haipo. Nimeshauriwa niseme hivyo mapema, nami ni mtu wa kusikia ushauri. Inaitwa Jamhuri ya Matone, iko mbali sana na hapa mlipo, na yeyote kati yenu atakayemwona humo mtu anayemfahamu, huyo ana shida ya macho, aende hospitali.

Matone mvua hunyesha miezi kumi. Miezi miwili inayobaki, ambayo kalenda ya taifa inaiita kiangazi, ni manyunyu tu. Nguo kule hazikauki, mwenyewe ndiye unayezizoea. Nchi nzima ni mteremko. Uwanja wa mpira una goli la juu na goli la chini, na timu ya serikali hushambulia kwenda chini vipindi vyote viwili. Kila nyumba imekatiwa kisehemu chake kilimani, na nyuma ya kila nyumba lazima pawe na ukuta wa kuuzuia udongo usihamie sebuleni. Ndiyo maana tulikuwa na Wizara ya Kuta na Miteremko, jengo la ghorofa tisa, nami nimefanya kazi humo miaka kumi na minne.

Naitwa Ipyana. Cheo changu kilikuwa Mshika Mwavuli Mkuu, Daraja la Pili. Niliyemshikia ni Mheshimiwa Sifaeli Tondo, Waziri mwenyewe. Miaka yote hiyo yeye alikuwa mkavu, mimi bega langu la kushoto lilikuwa nje ya mwavuli, na hadi leo likihisi wingu tu linaanza kuuma. Nasema haya mjue kwamba nilikuwepo na niliona. Na mjue pia kwamba sina kinyongo na mtu.

*

Kwanza niwaambie sheria, maana bila sheria hamtaelewa ujinga.

Siku moja Rais wetu wa kwanza alialikwa kukagua ujenzi. Akafika na suti yake, akaketishwa kitini, akaonyeshwa shimo. "Mheshimiwa," wakamwambia, "kazi kubwa iko huko chini." Akawaka! "Mimi nimepanda gari saa tatu kuja kuangalia shimo?" Kesho yake Bunge likapitisha Sheria ya Vinavyoonekana: chochote kinachojengwa na Jamhuri sharti kionekane na Mgeni Rasmi akiwa ameketi kitini. Wabunge waliigongea meza mpaka meza mbili zikavunjika.

Toka siku hiyo kuta zetu hazina msingi. Msingi uko chini, hauonekani, na kitu cha umma kisichoonekana, kwa mujibu wa kifungu cha nne, ni mali iliyofukiwa. Fundi anayechimba msingi ni mwizi anayeficha mawe ya taifa. Basi kuta zikawa zinapangwa juu ya majani, zinapigwa chokaa na mistari ya rangi za bendera, mambo yamekwisha. Jiwe la msingi tulikuwa nalo, tena la marumaru, lina jina la Waziri kwa herufi za dhahabu. Lilikuwa linawekwa juu, usawa wa macho, ili Mheshimiwa asiiname. Msingi wenyewe ndio hatukuwa nao.

Halafu kuna habari ya matundu. Ukuta wa nchi ya mvua unatobolewa matundu chini, maji yaliyo nyuma yake yapate pa kutokea. Hilo hata bibi kizee wa Matone asiyejua kusoma analijua. Sasa Mheshimiwa Tondo alikuwa anapita kwenye ukuta mmoja wa zamani, mimi na mwavuli nyuma yake, akaona maji yanachuruzika kwenye matundu. Akasimama.

"Ukuta huu unalia," akasema.

Akatugeukia.

"Wageni wakiona watasemaje? Watasema tumeufanya nini? Ukuta wa serikali haulii!"

Wiki hiyo hiyo ukatoka waraka, na matundu yote nchini yakazibwa kwa saruji. Sijapata kuona kazi ya serikali iliyokwenda haraka namna ile.

Msiwe na haraka ya kuwahukumu viongozi lakini, maana walijiwekea kifungu cha kumi na moja, kwa herufi ndogo ndogo. Kilisema kuta za makazi ya viongozi ni siri ya dola, na siri inaruhusiwa kukaa chini ya ardhi. Kwa hiyo nyumba za mawaziri zilikuwa na misingi. Misingi ya maana! Naijua, kwa sababu mingi ilichimbwa na kaka yangu.

*

Kaka yangu Ambakisye na mkewe Sikitu walikuwa mafundi wa mawe. Walikutana wakijenga, wakaoana wakijenga, na binti yao Tusekile alijifunza kutembea kwa kushikilia ndoo ya zege. Walikuwa na mtaimbo mmoja mrefu, urithi wa baba yetu. Hawakuwa wanapima kina cha msingi kwa futi. Ambakisye aliondoa udongo mweusi, akauondoa mfinyanzi, akawa anashindilia mtaimbo kila baada ya hatua. Ukizama, anaendelea kuchimba. "Chimba mpaka mtaimbo ugome," ndivyo alivyosema, na ulipogoma, hapo ndipo alipolaza mawe makubwa na kumwaga kitako cha zege. Nyuma ya ukuta alijaza kokoto, si udongo, maji yashuke yenyewe hadi kwenye matundu. Ukuta wake ungeweza kuutukana, usingeondoka.

Ilipofika zamu ya kujenga ukuta wa Mtaa wa Chini, wakaitwa wao. Msimamizi alikuwa Mhandisi Mkuu Eliaseri Njiku, mtu mwenye shahada tatu na buti ambazo hazijawahi kuona tope. Waziri alikuwa amekuja kukagua, kwa hiyo na mimi nilikuwepo.

"Mhandisi," kaka akamwambia, "hapa pana udongo mweusi, na chini yake mfinyanzi. Ukuta ukikaa hapa juu umekaa kwenye uji."

"Fundi, wewe umesoma?"

"Nimechimba."

"Nimekuuliza, umesoma?"

Sikitu akaweka ndoo chini. "Mhandisi, udongo mkavu una adabu, unakaa unapouweka. Ukilowa unavimba, unaanza kusukuma. Sasa huu ukuta haujajishika chini, na maji mmeyazibia njia. Utatembea."

"Mama," Njiku akasema, "ukuta hauna miguu."

Waziri akacheka. Maofisa wakacheka. Na mimi nikacheka. Mwavuli nilikuwa nao mkononi, na bosi akicheka hufanyi kwanza utafiti. Kicheko hicho kimeninyima usingizi miaka, kwa hiyo msinisaidie kunilaumu, kazi hiyo naiweza mwenyewe.

Ukuta ukajengwa juu ya majani, urefu wa watu wawili, mweupe pe! Mvua za mwezi wa pili zilipochanganya, ukaanza kuota tumbo. Ambakisye akaandika barua wizarani. Akajibiwa kwamba ukuta umenawiri, na wizara inampongeza. Akaandika ya pili, hakujibiwa. Mchana mmoja akachukua mtaimbo, akapita nyumba kwa nyumba akiwatoa watu, wengine kwa kubembeleza, wengine kwa kuwavuta mkono. Nyumba zilipobaki tupu akaenda mwenyewe chini ya ukuta kuyazibua matundu, maji yapungue, pengine nyumba zipone. Alizibua sita. Kwenye la saba ukuta ukamjia.

Watu arobaini na watatu wa Mtaa wa Chini wako hai. Kaka yangu hayupo.

*

Tume iliundwa, na Tume za Matone hazichelewi, maana fomu ya majibu huwa imeshachapwa. Ilisomwa redioni. Kwanza, mvua haihusiki. Mvua haijawahi kumdhuru raia yeyote wa Jamhuri hii, ni baraka na imo kwenye wimbo wa taifa. Pili, ukuta hauhusiki. Ulisimama vizuri hadi ulipoanguka. Tatu, marehemu alionekana mara ya mwisho akiwa ameugusa ukuta. Hivyo basi, marehemu aliuegemea. Kosa: Kuegemea Mali ya Umma Bila Kibali. Na kwa kuwa mkosaji hapatikani, mkewe ataomba radhi kwa niaba yake mbele ya ukuta mpya, Siku ya Ukuta, saa nne asubuhi, akiwa nadhifu.

Kosa hilo Matone hurithiwa. Tusekile alipokwenda kuandikishwa chuo cha ufundi, karani aliangalia jina la baba, akafungua droo, akamgongea muhuri kwenye cheti: MTOTO WA MWEGEMEAJI. Watoto wa namna hiyo hawaruhusiwi kukaribia kazi ya ukuta maisha yao yote. Alirudi nyumbani, akakiweka cheti mezani mbele ya mama yake.

Siku ya pili Sikitu akaenda ofisi ya Tume. Nilimsindikiza.

"Futeni lile neno," akamwambia Mwenyekiti.

"Neno gani, mama?"

"Aliuegemea. Mume wangu hakuegemea kitu. Alikuwa anaokoa watu."

Mwenyekiti alikuwa mzee mpole, mpole hasa, wa kukuudhi. "Pole sana, mama. Ila kilichoandikwa na Tume hakifutwi. Kinaweza kuongezwa tu."

"Kinaongezwa na nani?"

"Na Waziri. Aje yeye, aseme kwa mdomo wake mbele yetu, tuandike."

"Aseme nini?"

"Labda kwamba ukuta haukuwa na msingi, na usio na msingi lazima uanguke. Hapo marehemu angekuwa amepona. Yaani jina lake." Akatabasamu. "Lakini Waziri gani atasema hivyo, mama yangu? Karibu chai."

Sikitu akanywa chai yote, akashukuru. Tulipotoka nje akafungua mwavuli wake.

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi atasema."

Namjua shemeji yangu. Kwenye msiba alipika, alipokea wageni, hakuna aliyemwona analia. Siku hiyo nilipomtazama usoni nilimwonea Waziri huruma, kidogo tu, na ikaisha kabla hatujafika kituoni.

*

Siku ya Ukuta ikafika. Bendi, watoto wa shule wamelowa wanaimba, Waziri kitini, mimi nyuma yake. Sikitu akapewa karatasi aliyoandikiwa na wizara, akasoma kwa sauti safi: "Ewe Ukuta wa Jamhuri, kwa niaba ya marehemu, naomba radhi kwa mwili wake kukutwa chini yako bila taarifa. Sitakuegemea, wala wanangu hawatakuegemea." Watu wa Mtaa wa Chini walikuwa wameinamisha vichwa. Nilisikia mtu anasaga meno.

Alipomaliza hakushuka. Akamgeukia Waziri, akapiga goti.

"Mheshimiwa, mume wangu hakuwa na imani na kuta zako. Mimi nimeipata leo. Nasikia unajenga nyumba mpya Kilima cha Juu. Nakuomba, mbele ya hawa wote, niujenge mimi ukuta wake. Usiwe na siri yoyote chini. Uwe kama wetu, kwa sheria yetu, watu waone kwamba Waziri wao analala nyuma ya ukuta kama ule ambao wao hulala nyuma yake."

Wale watu wa Mtaa wa Chini, ambao si mafala, wakaelewa. Wakaanza kupiga makofi. Wakapiga vigelegele. Mtu akapaza sauti, "Tondo mtu wa watu!" na uwanja mzima ukapokea. Mheshimiwa nilimjua udhaifu wake. Makofi yalimfanya kile ambacho sukari humfanya sisimizi. Akasimama, nikamfuata na mwavuli.

"Nimekubali!" akanguruma. "Tena siku ya uzinduzi nitauegemea mimi mwenyewe, mbele ya wapiga picha! Atakayesema kuta zetu hazifai, aje aniangalie nilivyoegemea!"

Mhandisi Njiku, aliyekuwa kiti cha pili, alibadilika rangi. Yeye alisoma, kwa hiyo alijua.

*

Kesho yake asubuhi Njiku alikuwa Kilima cha Juu, sauti imelainika kama ya mkwe. Mimi nilikuwepo kwa amri ya Waziri, nimletee habari.

"Dada Sikitu, mambo ya jukwaani tuyaache jukwaani. Wewe chimba kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama mlivyokuwa mnachimba zile nyumba nyingine. Mpaka ule mtaimbo wenu..."

"Ugome."

"Ehee! Ugome."

"Niandikie."

"Nikuandikie nini tena?"

"Mstari mmoja. Ukuta usio na msingi huanguka. Weka sahihi yako hapo chini, na mimi leo hii naanza kuchimba."

Njiku akaitazama karatasi aliyonyooshewa. Akakitazama kilima, kinavyomeremeta maji. Akanitazama na mimi, sijui alitaka nini kwangu. Kisha akapanda gari. Alirudi baada ya siku tatu na maneno mengine, akaonyeshwa karatasi ile ile, akaondoka.

Mara ya tatu alikuja Waziri mwenyewe.

"Mama, mimi na wewe tuelewane. Nina familia."

"Hata mimi nilikuwa nayo, Mheshimiwa. Mstari mmoja tu."

"Nikisaini hicho kikaratasi, si nitakuwa nimesema yule marehemu wako..."

"Ndiyo."

Waziri akagusa mfuko wa koti. Mvua ilikuwa inanipiga begani. Kalamu alikuwa nayo mfukoni, naiona, ya dhahabu. Mstari mmoja, na angeiokoa nyumba yake. Lakini Mheshimiwa Tondo alipendelea nyumba ianguke kuliko kusema alikosea.

"Jenga," akasema. "Hata hivyo kilima hiki ni cha kizalendo."

Walipoondoka wote Sikitu alichukua mtaimbo wa baba, akaushindilia ardhini kwa mkono mmoja. Ukazama wote, kama umechomekwa kwenye ugali. Akauchomoa, akaufuta, akauegesha pembeni. Halafu akajenga. Jamani, alijenga! Sijapata kumwona akijenga kwa mapenzi vile. Kila jiwe juu ya majani, kama sheria inavyotaka. Nyuma akajaza udongo ule ule, bila kokoto hata moja. Tundu hakuacha, hata la sisimizi kupita. Marumaru akaiweka usawa wa macho, akaifuta kwa kanga yake mpaka jina la Waziri likang'aa.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa akauegemea. Bega ukutani, mguu mmoja umepita mbele ya mwingine, mkono mfukoni. Wizara ikaichapa picha hiyo kwenye kalenda, ikatundikwa kila ofisi ya nchi: MHESHIMIWA WAZIRI AKIUEGEMEA UKUTA. Kibali cha kuegemea hakuwa nacho. Nani angempa, wakati anayetoa vibali ni yeye?

*

Mvua zikachanganya. Wiki ya tatu ukuta ukaota tumbo. Waziri aliamuru mapazia ya upande ule yashonwe yasifunguke, na akakataza mtu yeyote wa nyumbani kutamka neno "nyuma". Sikitu alikuwa anakuja kila asubuhi na kigoda na chupa ya chai, anakaa ng'ambo ya barabara, anautazama ukuta.

"Shemeji," nikamwuliza, "unafanya nini hapa?"

"Nasubiri tumbo lifike kwenye marumaru."

Lilifika siku ya Alhamisi. Sikitu akafunga chupa yake, akavuka barabara, akaingia kwa mlango wa jikoni bila hodi. Akamtoa mpishi, akawatoa walinzi, akamtoa mke wa Waziri akiwa na kitambaa kichwani. Akamkuta Mheshimiwa mezani anamenya yai.

"Toka nje."

"Unanitisha?"

"Nakutoa. Sikuja kuua mtu mimi. Nimekuja kumsikia mtu."

Kitu fulani usoni mwake kilimfanya Waziri anyanyuke. Alitoka na yai mkononi, nikamfungulia mwavuli. Tukasimama getini. Kwanza tulisikia mlio, kama mtu anafungua mlango uliokaa siku nyingi. Kisha ukuta usio na miguu ukatembea. Uliingia kwa nyuma, ukapita sebuleni, ukatokea mlango wa mbele ukiwa umebeba makochi, kabati la vyombo na piano ambayo hakuna aliyejua kuipiga. Udongo wa kizalendo ukafuata. Marumaru iliteleza juu ya tope hadi miguuni petu, ikasimama, jina juu.

Sikucheka. Nilipatwa na kikohozi cha namna fulani, ikabidi nigeuke.

*

Tume ikaundwa. Mwenyekiti yule yule, fomu ile ile. Ukumbi ulijaa hadi madirishani, na Mtaa wa Chini wote walikuwepo, arobaini na watatu, wamekaa safu za mbele.

Mwenyekiti akasoma kwa upole wake: "Mvua haihusiki. Ukuta hauhusiki, ulisimama vizuri hadi ulipoanguka. Mheshimiwa alionekana akiwa ameugusa." Akainua kalenda. "Hivyo basi, Mheshimiwa aliuegemea."

"Nini?" Waziri akaruka. "Niliegemea kwa ajili ya picha! Dakika moja!"

"Fomu haina sehemu ya dakika, Mheshimiwa."

"Nyinyi ni wapumbavu? Mtu anaweza kuangusha ukuta kwa bega? Ukuta haukuwa na msingi! Umekaa juu ya majani, maji yamezibiwa, ungesimamaje? Hakuna ukuta duniani unaosimama bila msingi! Mtoto mdogo anajua!"

Sikitu akasimama katikati ya ukumbi.

"Andika," akamwambia karani.

Karani alikuwa ameshaandika. Waziri akageuka. Akamwona Sikitu, akawaona wale arobaini na watatu, na nikaona inavyomwingia polepole.

"Futa hiyo," akasema.

"Mheshimiwa," Mwenyekiti akajibu, na nadhani kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anafurahia kazi yake, "kilichoandikwa na Tume hakifutwi. Kinaweza kuongezwa tu."

Ikaongezwa. Kwamba marehemu Ambakisye hakuegemea. Kwamba ukuta wa Mtaa wa Chini haukuwa na msingi, kwa amri ya Waziri. Na kwamba Waziri yeye aliegemea, ushahidi uko kwenye kalenda ya kila ofisi, na ataomba radhi kama sheria inavyosema. Sikitu aliulizwa kama ana ombi. Alisema analo: radhi isisomwe kwa ukuta, isomwe kwa mumewe, mahali alipofia.

*

Mahali hapo Sikitu na Tusekile walikuwa wanajenga upya. Cheti cha binti kilikuwa kimegongwa muhuri wa pili chini ya ule wa kwanza, MAREHEMU HAKUEGEMEA, na karani alimwomba samahani kwa kukosa nafasi ya kuupiga vizuri. Msingi ulikuwa umechimbwa mpaka mtaimbo ukagoma, kina cha mtu mzima.

Maofisa wakaja mbio na Sheria ya Vinavyoonekana mkononi. Mgeni Rasmi ataonaje msingi akiwa ameketi kitini?

"Rahisi," Sikitu akasema. "Shusheni kiti."

Kikashushwa shimoni. Mheshimiwa Tondo, ambaye kwa katiba yetu alikuwa Mgeni Rasmi wa maisha, akashushwa kwa ngazi, akaketi juu ya mawe makubwa, maji ya mfinyanzi yakimfika vifundoni. Nikashuka naye, maana kazi ni kazi. Juu yetu Mtaa wa Chini wote walizunguka ukingo wa shimo. Wakampa karatasi. Mvua ilikuwa kubwa.

"Ewe Ambakisye," akaanza.

Nikaufunga mwavuli.

Aligeuka, maji yanamtiririka puani. "Ipyana! Mwavuli!"

"Soma, Mheshimiwa," nikamwambia. "Mvua haijawahi kumdhuru raia yeyote wa Jamhuri hii. Imeandikwa."

Nikaukung'uta mwavuli wangu vizuri, nikapanda ngazi, nikasimama karibu na shemeji. Wino wa karatasi ya Waziri ulikuwa umeanza kuvuja. Alipolikosea jina la kaka yangu, Sikitu alimwambia aanze upya. Alikosea mara nne, na sisi hatukuwa na haraka.